Soma Ndai Kabla Haijashuka Mombasa

Kuna sheria moja kila fundi wa ndai hapa Kenya anafaa kuijua, lakini wengi huichukulia ni stori ya wasee wa yadi. Inaitwa KS 1515, na wenye huisimamia ni KEBS. Inasema gari ya mtumba haiwezi ingia hii nchi kama imepitisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Ndo maana Januari 2025 laini ilikuwa 2018. 2026 ikasonga ikawa 2019. Kama hakuna mtu ataigusa hiyo sheria, 2027 itakuwa 2020, na 2028 itakuwa 2021.

Sasa tulia ucheki hiyo hesabu polepole. Mkenya wa kawaida hununua gari yenye iko karibu na hiyo laini, ju hapo ndo ganji yake inafika. Nyingi zinatoka Japani na meli, zinashuka Mombasa. Kumaanisha ile gari utafunguliwa boneti yake 2028, kuna msee Osaka anaiendesha saa hii akienda sokoni. Si siri. Jina yake inajulikana, chasisi namba yake inajulikana, na shida zake wenye wako nayo washaanza kuzilalamikia. Fundi wa Nairobi amepewa kitu watu wa mboka zingine hulilia: anajua kesho inamletea nini. Imebaki tu kama ataisoma saa hii, ama atangoja ifike ikiwa imevutwa na bredauni.

Na mi naamini hii kitu na roho yangu yote: hakuna mdosi, hakuna kozi, hakuna shirika litakuja kukuonyesha hiyo gari kabla ifike. Ukingoja kufunzwa, utafunzwa ya jana. Kusoma ya kesho ni wera yako mwenyewe, na inaanza jioni ukishanawa grisi.

Cheki venye imekuwa hadi sasa. Toyota Aqua ilizinduliwa Disemba 2011. Honda Vezel ikafuata Disemba 2013. Demio ya dizeli ikaja 2014, Nissan Note e-Power Novemba 2016. Zote leo ziko hapa, zimekwama na sisi kwa jam ya Thika Road na Jogoo Road. Lakini zilipoanza kufika Kirinyaga Road, ile wazae bado huita Grogan, ziliwapata wasee wa maana wakiwa mafundi wa gari ingine kabisa. Hawa ni watu wa kushusha injini ya NZE na kuirudisha bila kuangalia kitabu, wanajua kila bolti na spana yake. Mikono ya heshima. Alafu analetewa Note e-Power, gari yenye injini yake haizungushi tairi hata moja. Injini inazalisha stima tu, mota ndo inasukuma. Msee anaskia injini ikiwaka na kuzima yenyewe gari ikiwa inatembea, anaanza kubadilisha plagi, anaenda kwa pampu ya mafuta, na gari haijawahi kuwa mgonjwa. Iko tu vile ilitengenezwa kuwa.

CVT ndo imeumiza watu zaidi. Hiyo giaboksi haina gia za kuruka moja, mbili, tatu. Iko na mkanda wa chuma katikati ya puli mbili zenye hupanuka na kubana, na huo mkanda unataka oili yake, yenye imeandikwa kwa kitabu ya gari. Nissan nyingi hutaka NS-3. Sasa msee akimwaga oili ya giaboksi otomatiki ya kawaida, ju kwake oili ni oili, ndai itatoka hapo ikienda fiti. Itarudi baadaye ikitetemeka, ikilia, giaboksi inajisaga yenyewe ndani. Usiite hiyo bahati mbaya. Ni ukurasa mmoja mtu hakusoma. Na mwenye analipa ni mwalimu fulani aliichukulia loni ya sacco, bado anakatwa kwa payslipu kila mwezi. Hapo ndo mi huskia uchungu. Kutosoma kwa fundi hakumgharimu fundi pekee yake.

Alafu kuna Aqua. Betri yake kubwa iko chini ya kiti ya nyuma, na iko na kafeni kenye huvuta hewa kutoka ndani ya gari kuipoesha. Kando ya kiti kuna matundu hewa huingilia. Vumbi ya barabara zetu unaijua. Ongeza nyuzi za viti, maganda ya njugu, bahasha ya chipo imeziba hapo, na kafeni kanachoka. Betri inachemka, inazeeka kabla ya siku zake, dashibodi inawasha taa. Kusafisha hiyo feni ni kazi ya masaa kidogo. Kubadilisha betri nzima ni ganji ya kuvunja chama. Fundi mwenye anajua hii kitu hangoji taa iwake. Anamwambia kastoma wa teksi awe anapitia hapo kila baada ya muda asafishiwe. Huyo msee wa teksi akishaokolewa betri, hataenda kwa mtu mwingine.

Hii Demio ya dizeli nayo iko na chujio ya masizi kwa ekzosi, DPF. Inajisafisha yenyewe kwa kuchoma masizi ndai ikiwa moto na inakimbia kwa muda. Mtu wa kutoka Umoja hadi tao na kurudi, jam tupu, hajawahi ipatia nafasi ya kuchoma. Ikiziba, kuna mafundi huikata na kutupa, na kila mtu nyuma ya hiyo gari anavuta hewa chafu. Dawa ya kwanza ni kumfunza dereva: mara moja moja ipeleke Southern Bypass, iachilie ikimbie. Ya pili ni oili ya injini yenye haina jivu mingi, na hiyo pia imeandikwa kwa kitabu.

Najua kenye spana boi hupitia. Unafika gereji saa moja asubuhi, unaosha vyuma na petroli, unatumwa chai, unatumwa spea, unashikilia tochi. Kuna mafundi wa roho safi wenye watakufunza hadi uive. Kuna wengine, ikifika ile sehemu tamu ya kazi, ndo anakumbuka anataka sigara na ni wewe unatumwa. Anaogopa ukijua utahama na kastoma. Sitamtukana, ju yeye pia alilelewa ivo, na hii mji haina huruma na fundi amezeeka mgongo. Lakini usiweke maisha yako kwa mfuko wa mtu mwenye anakuogopa. Ukirudi umekuta boneti imefungwa, andika ilikuwa gari gani, ilikuja ikilia aje, imeenda aje. Jioni tafuta. Kwa dem mwenye anashika spana siku hizi hii ni mara mbili, ju yeye hutumwa chai hata akiwa ameshaiva, na kastoma anapita akiuliza fundi ako wapi. Dada yangu, kitu ya kuwanyamazisha ni kujua ile ndai yenye wao hawaijui.

Anza na skana. Si lazima ile ya mkwanja mrefu. Kuna kale kadude ka ELM327, unakachomeka kwa soketi ya OBD chini ya usukani, kanaongea na simu kwa Bluetooth. Marekani ililazimisha hiyo soketi kwa gari ndogo mpya kuanzia 1996, na gari nyingi zenye ziko kwa barabara zetu leo ziko nayo. Gari ikipata shida kompyuta yake inaweka namba. Herufi ya kwanza inakwambia uende wapi: P ni injini na giaboksi, C ni chasisi kama breki, B ni bodi, U ni mawasiliano ya kompyuta na kompyuta.

Lakini hapa ndo wengi wanachomeka. Namba haikwambii ununue nini. Inakwambia uanzie kutafuta wapi. P0300 inasema injini inamis kwa silinda zaidi ya moja. Inaeza kuwa plagi, inaeza kuwa koili, hewa inaingia kwa mpira umepasuka, mafuta imechanganywa, ama kompresheni imeisha. Msee wa kubahatisha atabadilisha koili nne, ikikataa anabadilisha plagi nne, na kila kitu analipisha. Fundi mwenye amesoma anahamisha koili moja kutoka silinda hii hadi ile ingine, anaangalia kama shida imehama nayo. Hiyo haikugharimu hata mbao. Ndo tofauti yenye kastoma ataiona kwa risiti, na ataipigia watu wengine stori.

Kwa haibridi kuna namba moja utakutana nayo, P0A80. Inasema betri kubwa imefika mwisho. Betri ya Aqua ya kwanza iko na moduli 20, jumla volti 144. Kuna apu inaitwa Dr. Prius, hiyo inakuonyesha betri kipande kwa kipande, ipi imeshuka. Sasa, kuna biashara imeshika hapa mtaani ya kutoa moduli moja imekufa na kuweka ingine ya mtumba. Mi siipendi ikifanywa ivo tu. Zile 19 zimebaki zimechoka pamoja na hiyo moja. Ukiweka ngeni bila kuzipima zote na kuzisawazisha, kastoma atarudi, na mara hii atakuja na hasira. Mwambie ukweli kabla hujafungua: hii inakupeleka kidogo, ile inakupeleka mbali, chagua.

Na kuna mahali kujifunza pekee yako kunafika mwisho, ni hapa kwa stima. Hiyo volti 144, inverta ya Aqua inaeza kuipandisha hadi 520. Hiyo inaua mtu mzima, haipigi kelele kwanza. Waya zote za orenji ndo huibeba. Kabla uguse, zima gari, funguo iwekwe mbali, toa plagi ya usalama ya betri, weka kwa mfuko wako mtu asiirudishe, alafu ungoje dakika 10, ju inverta bado imebeba stima ndani. Glavu ni zile za mpira za kufanyia stima zenye zimepimwa volti 1,000, si za kuoshea vyombo, na uziangalie kama ziko na tundu. Pima na mita uone ni sifuri. Mara ya kwanza fanya hii ukiwa na mtu ashawahi kuifanya. Kama gereji yako hakuna, tafuta gereji yenye iko naye, ujitolee siku moja kwa wiki hata bila doh. YouTube haiezi kukutoa kwa stima.

Lakini kwa hayo mengine, YouTube ni darasa kubwa. Kuna profesa mwenye amefunza Weber State University kule Utah, John Kelly, ako na chaneli inaitwa WeberAuto. Huyo mzae anafungua giaboksi ya haibridi kwa meza, kipande kwa kipande, anakuonyesha kila jino. Watoto wa Marekani wamelipa karo kukaa mbele yake. Wewe ni bando tu. Kuna mwingine, Paul Danner, chaneli yake ni ScannerDanner, huyo ni wa kukufunza kutafuta shida ya umeme bila kubahatisha. Wanaongea kwa kasi, na Kiingereza yao ni ya kwao, so weka spidi 0.75, washa maandishi chini. Neno hujui, andika. Na usitazame video kumi kwa usiku moja. Tazama moja, mara tatu, na mara ya mwisho ukiwa umesimama kando ya ndai yenyewe.

Bando ikiisha, kuna maktaba. McMillan pale Banda Street ilifunguliwa 1931, na Eastlands kuna ya Makadara na ya Kaloleni, zenye shirika la Book Bunk wamezifufua na kaunti. Meza iko, kimya iko, hakuna mtu atakutuma spea. Na Kijapani isikutishe. Kitabu ya gari yenye imekuja kwa glavuboksi, ile watu hutupa, elekeza kamera ya simu kwa ukurasa, itakutafsiria. Haitakuwa safi, lakini saizi ya oili na aina yake utaipata.

Alafu uwe na daftari. Hii ndo ningekushika mkono nikakuambia usiku na mchana. Kila ndai yenye umegusa, andika chasisi yake, si jina tu. NHP10 ni Aqua. NKE165 ni Fielder haibridi. HE12 ni Note e-Power. RU3 ni Vezel haibridi. DJ5 ya dizeli ni hiyo Demio. Andika ilikuja na shida gani, namba gani, ulifikiria nini, ilikuwa nini kwa ukweli. Hiyo safu ya mwisho ndo ya maana, ju inakuonyesha akili yako hukosea wapi. Baada ya muda utaona umekuwa ukilaumu sensa na shida ilikuwa waya, waya, waya. Hakuna mwalimu anaeza kukwambia hiyo kuhusu wewe.

Kama pekee yako ni ngumu, shikaneni mbogi ya watu wanne watano, kila mtu gereji yake, hata kama ni mmoja Kariobangi Light Industries, mwingine Baba Dogo, mwingine Ngara. Changeni skana moja ya maana. Mkutane Jumapili mchana, kila mtu alete ndai moja yenye ilimshinda. Kwa hiyo meza hakuna mdosi, hakuna kuficha. Mtu akileta jibu ya uongo wengine watamshika.

Na makaratasi? Kuna wasee hudharau, eti kazi ni mkono. Mi nasema chukua zote mbili. NITA, pale Commercial Street Industrial Area, iko na mtihani wa ufundi, Gredi ya Tatu, ya Pili, alafu ya Kwanza. Kuna maswali ya kuandika na kuna ya kushika spana mbele ya mtu anakuangalia. Haulizi ulisoma shule gani kama mkono wako unajua. Kuna pia ile mpango wa kutambua ujuzi ulioupata kazini, inasimamiwa na KNQA, yenye inamwezesha mtu wa jua kali apimwe vile alivyo na apewe cheti bila kurudi darasani kuanzia sifuri. Fanya hii ukiwa bado na nguvu. Kampuni ya mabasi ya stima ikitafuta mafundi, ama kampuni ya bima ikitafuta gereji ya kurekebishia gari zake, mlango wa kwanza ni karatasi. Ukishaingia, sasa mkono unaongea.

Daftari yako ikijaa, uende nayo huko kwa mahojiano. Nimeona sura za watu wakifunguliwa daftari ya aina hiyo, kurasa ziko na grisi, chasisi moja baada ya ingine. Wanaacha kuuliza maswali ya kitabu, wanaanza kuuliza kuhusu zile ndai.

Sasa turudi kwa laini. 2019 ndo mwaka Toyota ilitoa Corolla Touring Japani, Septemba, ndo ilichukua kiti ya Fielder. Zenye ziko na Safety Sense ziko na kamera nyuma ya kioo ya mbele na rada kwa uso. Kioo ikipasuka na jiwe la Mai Mahiu, ukiweka kioo mpya bila kupanga hiyo kamera upya, gari inaanza kuona barabara mahali haiko. Wasee wengi wa kioo bado huweka kioo na gundi, wanachukua doh, basi. Mwenye atajifunza kupanga hiyo kamera sasa, na awe na ubao wa kuipangia na skana yake, atatumiwa gari na gereji zingine zote za hiyo barabara.

Yaris ilichukua nafasi ya Vitz Februari 2020, kwa hivyo ndo itakuwa gari ya laini 2027. Na Aqua mpya, MXPK11, ilitoka Julai 2021. Betri yake si ile ya NHP10 yenye watu wameanza kuizoea. Ni ya nikeli bado, lakini imepangwa kwa mfumo wa bipola, gari ya kwanza duniani kuendeshwa na betri ya aina hiyo, na zile moduli za mtumba za NHP10 hazitaingia hapo. Laini yake ni 2028. Kuna video za watu wakiieleza tayari ziko nje. Anza na moja leo usiku.